Kiti cha Mchango

"Haya mama, fungua mdomo. Aaa! Hivyo hivyo. Mkubwa huyo!"

Huyo mkubwa alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, akazika mume, akasomesha mtoto, na mtaa wote ulimjua kwa jina moja tu, Mama Dobi. Sasa alikuwa kaegemezwa mito mitatu katika chumba cha uani nyumbani kwa mwanawe, kafungwa taulo shingoni, na jirani wa mlango wa pili, ambaye hata udugu hawakuwa nao, alikuwa akimlisha uji kwa kijiko cha mtoto mbele ya wageni wanne. Uji ukashuka kidevuni. Jirani akaukwangua kwa ncha ya kijiko, akaurudisha mdomoni.

Jamani! Uji uliokwisha kutoka, unarudishwa ndani! Mama Dobi aliujua uchafu wa binadamu kuliko wote waliokuwa chumbani humo. Alikuwa ameushika kwa mikono miwili, wa wagonjwa, wa wazazi na wa maiti, akauondoa kwenye mashuka mpaka yakarudi meupe, na hakuwahi kuona kinyaa. Kinyaa alikuja kukijua miezi minne iliyopita, siku kiharusi kilipompiga upande wa kulia, na tangu hapo alikuwa akilishwa nacho asubuhi na jioni.

"Maskini, anatukodolea macho tu," mgeni mmoja akasema. "Lakini anatambua watu kweli?"

"Anatambua kidogo," jirani akajibu kwa niaba yake.

Mama Dobi alitaka kumwambia yule mgeni kwamba anamtambua sana, tena anaikumbuka na ile pasi aliyoazima akairudisha imeungua. Lakini ulimi ulikuwa bado mzito, maneno yakitoka moja moja, na watu hawa hawakuwa na subira ya kungoja neno lifike. Akafumba mdomo. Kijiko kikamgonga meno, na wageni wakaguna kwa huruma.

Jumanne akaja mwanamke mfupi, raba miguuni, mkoba wa kitambaa begani, akajitambulisha kuwa ni mtaalamu wa tiba kazi kutoka kituo cha afya. Mwanawe Mama Dobi, muuza simu, alikuwa amechelewa kufungua duka makusudi ili ampokee. Aliutazama ule mkoba kwa matumaini, akitarajia sindano. Vikatoka vifungo vilivyoshonewa kwenye kipande cha kitambaa, kijiko chenye mpini uliozungushiwa sponji, kitana kilichofungwa kwenye fimbo, na vibanio vya nguo dazeni nzima.

"Dawa ziko wapi?" akauliza.

"Dawa alishaandika daktari. Mimi nimekuja kuona mama anafanya nini mwenyewe."

"Hafanyi chochote," kijana akasema, na alisema kwa fahari. "Hapa hagusi kitu. Analishwa, anaogeshwa, anavalishwa. Sisi hatuna mchezo na mama yetu."

"Naona," mtaalamu akasema. Akavuta kigoda, akaketi macho yake yakawa sawa na macho ya mgonjwa. "Shikamoo, mama. Wewe unataka nini?"

Mwana akafungua mdomo kujibu. Mtaalamu akainua kidole bila kugeuka, akangoja. Tangu augue, hakuna aliyewahi kumngoja Mama Dobi.

"Choo," neno likafika.

"Anataka kubadilishwa," mkwewe, mke wa kijana, akadakia, nepi ya watu wazima tayari mkononi.

"Mwenyewe," Mama Dobi akasema. "Choo... niende mwenyewe. Na chumba... changu."

Chumba chenyewe kilikuwa upande wa pili wa mji, cha kupanga, kina kitanda, redio na meza ya kupigia pasi. Mwanawe alikuwa amekwisha kuelewana na mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi kitarudishwa. Alimweleza mtaalamu habari hizo mama yake akisikia, kana kwamba anazungumzia kabati. "Atakaa hapa hapa. Mimi ndiye mwana wa pekee. Nikimwacha akaishi peke yake, watu watanionaje?"

Mtaalamu akamgeukia Mama Dobi. "Nitakuwa mkweli kwako. Huo mkono wa kulia huenda usirudi kama zamani. Lakini kuishi kwako kunataka vitu vitatu: uende chooni na kurudi, uvae nguo, uchemshe maji bila kujiunguza. Ukiviweza, nitaandika barua kwamba unaweza kurudi kwako, mradi mtu awe anapita kukujulia hali kila siku. Mwezi umebaki siku ishirini na tatu."

"Nyingi," Mama Dobi akasema.

Kabla jua halijazama jirani wa mlango wa pili alishambandika yule mwanamke jina, Daktari wa Vifungo, na mtaa ukacheka mpaka ukashika mbavu. Daktari gani huyo, hana hata kipimo cha presha!

Mkono mgonjwa hutangulia kuvaa na huchelewa kuvua. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

"Kama mgeni... rasmi," Mama Dobi akasema, na mtaalamu akacheka kwa sauti, maana ulikuwa utani wa kwanza kumtoka mgonjwa huyu.

Blauzi inalazwa mapajani. Mkono wa kulia unapenyezwa kwa msaada wa kushoto, kama mtu anavyoingiza mto kwenye foronya. Kisha wa kushoto unafuata, kisha kichwa, kisha nguo inavutwa chini. Siku ya kwanza ilimchukua dakika arobaini, akaishia kuivaa nyuma mbele. Mkwe akanyoosha mkono amrekebishie. "Mwache," mtaalamu akasema. "Kuvaa nyuma mbele hakujaua mtu." Siku ya tano akaivaa sawasawa, akakaa kitandani akihema, jasho likimtiririka, akijitazama kifuani.

Choo kilikuwa kisa kingine kabisa. Kilikuwa mwisho wa ua, na kufika huko ilibidi avuke kizingiti, sakafu iliyopasuka na mfereji mdogo wa maji machafu. Mtaalamu akaleta kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kiwekwe juu ya tundu, akamleta na seremala akapigilia ubao wa kushikia ukutani. Kisha akampa mkwe amri. "Simama nyuma yake, umekunja mikono. Akianguka, mdake. Asipoanguka, usimguse."

"Na watu wakinikuta nimekunja mikono, mama mkwe anahangaika?"

"Waambie ndiyo dawa yenyewe."

Siku tatu za mwanzo hakuwahi. Siku ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alikuwa amebakisha hatua mbili tu. Akasimama pale kwenye mfereji, mkono wa kushoto umeng'ang'ania fimbo, vuguvugu likimteremka mapajani mpaka kwenye kandambili, na ile harufu aliyoiondoa kwenye mashuka ya watu maelfu ikapanda ikamjaa puani. Alijiona takataka. Alitamani aivue ile ngozi yake aiache pale pale.

"Bora... nife," akasema.

"Usife, mama." Mkwe alikuwa bado kakunja mikono. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Ngoja nikwambie ukweli, halafu ukitaka nichukie. Mimi hili sifanyi kwa kukupenda. Mgongo wangu umekwisha. Naoga mara tatu na bado nanuka mkojo wako, mpaka mume wangu akilala ananipa kisogo. Nataka uende chooni mwenyewe kwa sababu nimechoka kukufuta. Basi."

Miezi minne watu walikuwa wakimpaka Mama Dobi mafuta kwa mgongo wa chupa, oh mama unaendelea vizuri, oh mama leo umenawiri, na hili ndilo lilikuwa neno la kwanza safi kuingia masikioni mwake.

"Ahsante," akasema. "Nipe maji ninawe. Halafu... twende tena."

Kufikia wiki ya pili alikuwa anakwenda na kurudi. Polepole, ndiyo, na mara mbili alikaa huko ndani mpaka mkwe akagonga mlango, lakini alikwenda na akarudi mkavu. Nepi zikawekwa juu ya kabati. Mwanawe alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, akichungulia mlangoni na kumkuta mama kakaa kitandani kama alivyomwacha. Mkwe alipomwambia kwamba mama anatembea, alijibu "Usimchoshe", akarudi kwenye simu yake. Simu hiyo siku hizo haikutulia hata kidogo, na kila ikilia yeye alikuwa akitabasamu.

Jumanne ya tatu mtaalamu akaja na shuka chafu kwenye mfuko.

"Leo nifundishe wewe," akamwambia Mama Dobi. "Hili shuka langu lina doa la mafuta. Halafu nataka kujua, mtu mwenye mkono mmoja analikamuaje?"

Wakamkalisha kwenye kigoda mbele ya bomba la uani, beseni kati ya miguu. Mtaalamu akaanza kufua yeye, makusudi, vibaya mno, akisugua doa kutoka katikati kwenda nje. Mama Dobi alivumilia kidogo tu.

"Toka," akasema. "Unalitandaza."

Akapaka sabuni pembeni mwa doa, akaanza kulizunguka kuja ndani. Mkono wa kulia akaulaza juu ya kitambaa ukandamize, kazi ya jiwe, na wa kushoto ukasugua. Alipofika kwenye kukamua alifikiri kwa muda, kisha akalizungusha shuka kwenye shingo ya bomba, akazikutanisha ncha zake mbili, akazisokota pamoja kwa mkono mmoja. Maji yakachuruzika. Akasokota tena. Mtaalamu alikuwa akitazama mkono wa kulia, ambao vidole vyake, bila kuamriwa na mtu, vilikuwa vimejikunja kuushika ukingo wa beseni.

"Mama, hebu tazama vidole vyako," akasema.

Hakuwahi kuvitazama, maana geti lilifunguliwa. Aliingia mwanawe, na nyuma yake Mwenyekiti. Huyu bwana mnene alikuwa mwenyekiti wa kila kitu pale mtaani: wa harusi, wa misiba, wa kuzibua mitaro, na kama paka wangeunda kamati, naye angeombwa aongoze. Akasimama akilitazama povu.

"Mgonjwa... anafua?"

"Mnamfulisha mama yangu?" Kijana alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Wewe dada, umekuja kutibu au umekuja kutafuta dobi wa bure?"

"Shuka ni langu, na bure ni bure kweli," mtaalamu akasema kwa utulivu. "Lakini njoo uone vidole vya mama yako."

"Sitaki kuona vidole! Mama hajiwezi, mnamkalisha juani na beseni! Watu wanasemaje? Toka, na usirudi hapa."

Mtaalamu akajifuta mikono kwenye sketi, akachukua shuka lake bichi. Kabla ya kutoka akainama mbele ya Mama Dobi. "Jumatatu nitakuwa kituoni siku nzima. Ukija, nitakupima vile vitu vitatu, na barua utaondoka nayo." Mwana akaushikilia mlango wa geti mpaka alipopita. Mwenyekiti akamtoa kijana pembeni wakanong'ona, na mara mbili Mama Dobi alimsikia Mwenyekiti akisema, "Lakini kiti kishanunuliwa!"

"Kiti gani?" akamuuliza mkwe, wanaume walipoondoka.

Mkwe alikwenda ndani, akarudi na simu yake, akaifungua na kumpa.

Ilikuwa picha. Mwanamke kalala chali, mdomo wazi, uji umekauka shavuni, shuka limefunuliwa mpaka nepi inaonekana na mapaja yote mawili. Ilimchukua muda kujitambua. Chini ya picha palikuwa na maandishi: "Ndugu na marafiki, huyu ni mama yangu mzazi. Hali mwenyewe, haendi chooni, hatambui mtu. Kiti cha magurudumu ndilo tumaini letu la mwisho. Chochote ulicho nacho." Kundi la mchango kwenye simu lilikuwa na watu mia moja arobaini na wawili. Walikuwamo wanawake aliofua nao. Alikuwamo msimamizi wake wa kazi. Alikuwamo hata yule mzee muuza vitabu ambaye mwaka juzi alimtuma mtu kumposa, naye Mama Dobi akakataa kwa maringo. Wote walikuwa wamemwona mapaja, na wengi walikuwa wameweka vikaragosi vya kulia machozi.

"Aliipiga lini?"

"Ile siku ulipokuwa na homa."

"Shuka... nani alifunua?"

Mkwe akaanza kulia. "Mimi. Aliniambia nilifunue kidogo, ili watu waone hali halisi. Nisamehe, mama."

Mama Dobi alimrudishia simu. Mate yalimjaa mdomoni, akayatema kwenye mfereji mara tatu, na bado mdomo ukabaki mchungu.

Tusimsingizie kijana. Senti hakuiba, kiti kilinunuliwa kweli, na risiti alikuwa nayo. Alianza kwa uchungu wa kweli, maana alimwona mama yake akianguka siku ya kiharusi, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Lakini sifa ni tamu kuliko asali. Watu wasiomjua walikuwa wakimwandikia "wewe ni mfano kwa vijana", dukani wateja walikuwa wakimshika mkono, na ikawa kila mama akionyesha nafuu, yeye macho yake yanatazama pembeni. Mtu anaweza kumpenda mama yake na papo hapo akamhitaji aendelee kulala. Ni jambo la kutapisha, na watu hulifanya huku wanalia machozi ya kweli.

Jumamosi asubuhi alikuja akapiga magoti kando ya kitanda. Uani walikuwa wanafunga turubai na kupanga viti.

"Mama, najua unatembea tembea kidogo. Nafurahi, sana. Ila leo tu, nakuomba. Watu wanakuja kukabidhi. Wakikuona umesimama, wataniita tapeli. Saa moja tu, ukae kwenye kiti, basi."

"Picha," Mama Dobi akasema.

Kijana akainamisha kichwa. "Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nitaifuta."

"Jumatatu nakwenda... kupimwa. Na chumba usirudishe."

"Utakwenda. Nitakupeleka mwenyewe. Leo tu, mama."

Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na huyo alikuwa amepiga magoti. "Saa moja," akasema. Ndipo mkwe akaingia bila kumtazama usoni, akachukua nepi juu ya kabati, akamvisha. Ilikuwa amri ya mume wake, ili gauni lisije likaharibika mbele ya watu. Mama Dobi alilala chali akageukia ukuta mpaka alipomaliza.

Saa moja, ya nani! Kwanza walichelewa. Halafu akaongea katibu, akaongea mwakilishi wa wafanyabiashara, akaongea pia mtu ambaye hakuna aliyejua anawakilisha nini. Kiti kilikuwa kipya, kikubwa, kimefungwa utepe, na Mama Dobi alikuwa kaketishwa ndani yake mikono mapajani kama zawadi nyingine. Wanawake walipita mmoja mmoja wakimshika shavu. "Umependeza, mama, eeh? Umepata gari!" walimwambia kwa ile sauti ya kuongea na mtoto mchanga. Mmoja alimfuta mdomo ambao haukuwa na kitu.

Saa ya pili ilipoanza, alimwita mwanawe kwa mkono. "Nataka chooni."

"Subiri kidogo, mama. Mwenyekiti ndiyo anashika kipaza sauti."

Mwenyekiti akakishika hasa. Alieleza jinsi wazo lilivyoanza, ambalo kumbe lilikuwa lake. Aliwataja waliotoa, akawasema na ambao hawakutoa. "Tumtazameni mama huyu," akasema, akanyoosha mkono. "Jana na leo si sawa. Mikono iliyofua mashuka ya hospitali nzima, leo haiwezi kuinua hata kijiko!" Watu wakaguna. Mama Dobi alikuwa kabana magoti, jasho la baridi likimtoka mgongoni. Akamvuta mwanawe shati.

"Chooni. Sasa."

Mpiga picha alikuwa mbele yao, kainua kamera. Kijana akainama, akamzungushia mama yake mkono begani, akatabasamu kwa ajili ya picha, na bila kuliondoa lile tabasamu akamnong'oneza sikioni, kwa upole, kwa mapenzi hasa:

"Jiachie tu, mama. Si una nepi?"

Kamera ikapiga.

Mama Dobi akageuza kichwa, akamtazama. Huyu ndiye mtoto aliyemfulia matapishi na kinyesi kwa mikono hii, akamfulia damu ya magoti, na siku za utotoni alipojikojolea shuleni alimpelekea kaptula nyingine kaificha ndani ya mfuko wa mkate ili wenzake wasijue. Hakuwahi hata siku moja kumwonea kinyaa. Sasa alimwonea. Kilimpanda kutoka tumboni mpaka kooni, na hakikuwa cha mkojo wala cha uji.

Akaondoa ule mkono begani. Akafunga breki ya kushoto, kisha akajipinda akafunga ya kulia. Akajisogeza mpaka ukingoni mwa kiti, akairudisha miguu nyuma, akainama mbele mpaka pua ikavuka magoti, kama alivyofundishwa, akajisukuma. Utepe ukakatika. Akasimama.

Mwenyekiti alikuwa katikati ya neno, na neno lenyewe lilikuwa "hajiwezi". Kipaza sauti kikalia mluzi.

"Mama, kaa," kijana akasema kwa meno. "Mama!"

Hakukaa. Fimbo hakuwa nayo, wameificha, basi akashika mgongo wa kiti cha plastiki cha mgeni wa mstari wa mbele, mgeni akiwa amekalia, kisha cha pili, kisha cha tatu. Mguu wa kulia ukiburuta, ukiandika mstari kwenye vumbi. Watu walivuta miguu yao ndani apite. Akauvuka mfereji, akaingia chooni, akafunga mlango, na kitasa kikasikika ua mzima.

Alikaa huko kitambo. Mle ndani aliing'oa ile nepi upande mmoja baada ya mwingine, kavu, akaitupa pembeni, akafanya haja yake juu ya kiti cha mbao, akajisafisha, akanawa, akashusha gauni lake na kulinyoosha mbele na nyuma. Kisha akatoka na kurudi njia ile ile, kiti kwa kiti.

Labda mtu atadhani walimpigia makofi. Wapi!

"Kumbe mzima!" mwanamke mmoja akasema, yule aliyemfuta mdomo. "Anatembea huyu!"

"Tumechezewa," akasema mwingine. "Mimi nilichangia nikawanyima wanangu!"

"Mama mtu mzima, anajilaza makusudi apigwe picha! Haya hana!"

"Hana haya nani?" Ilikuwa sauti ya mkwe. Alikuwa kasimama kwenye mlango wa jikoni na trei ya soda. "Huyu mama anakwenda chooni mwenyewe wiki ya pili sasa. Nepi nimemvisha leo asubuhi kwa ajili yenu, ili mfurahi. Picha ile pia, shuka nililifunua mimi. Sasa mnataka nini kingine? Soda?"

Soda walichukua. Wakaanza kuondoka wawili wawili, wengine na chupa mikononi. Mwenyekiti alikusanya karatasi za hotuba yake, akasema kwamba kamati itakaa kulijadili suala hili, na kwamba kiti kwa sasa ni mali ya kamati. Akakisukuma mwenyewe hadi getini. Breki zilikuwa bado zimefungwa, kwa hiyo alikiburuta, na hakuna aliyemwambia.

Ua ukabaki na turubai na viti vitupu. Mama Dobi alikuwa kaketi kwenye kiti cha plastiki, akipumua kwa nguvu. Mwanawe akaja akasimama mbele yake.

"Umenimaliza, mama. Dukani nitaingiaje? Umeniaibisha mbele ya mji mzima."

"Mimi nimekwenda chooni," Mama Dobi akasema. Maneno yalikuwa yakitoka polepole, lakini mara hii kijana alilazimika kuyangoja. "Chooni tu. Picha ulipiga wewe."

Kijana akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, kama siku zote. Mama yake aliyatazama yakidondoka, akangoja moyo wake umwume. Haukuuma. Hilo lilimtisha kuliko yote yaliyopita siku hiyo.

"Nenda kaniitie gari," akasema. "Nakwenda kwangu."

"Leo? Daktari wako hajakupima! Barua huna!"

"Atanipima Jumatatu. Nitatokea kwangu."

"Na mambo ya kuja kukuangalia kila siku, nani atakuja?"

"Mimi," mkwe akasema kutoka jikoni. "Nitapita jioni. Nitakaa nimekunja mikono."

"Na ukianguka, mama? Usiku, peke yako, ukianguka?"

"Nikianguka, nimeanguka. Watu huanguka." Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu. "Ufunguo."

Kijana alisimama vile vile, akitazama mkono, kisha geti, kisha mkono. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye karatasi, na juu ya karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na neno "Kurudisha", jina la mwenye nyumba na tarehe ya leo.